Mama Mkwe Chini ya Dirisha, na Ngome ya Wareno

Wewe uliyeambiwa juzi kwamba una kifua kikuu, kwanza pole sana. Pili, acha kugawa vitu vyako. Mimi siku niliyoambiwa nilimpa ndugu yangu koti langu la jeshi, koti zuri la sufu, nikijua sitalivaa tena, na mpaka leo ananizungusha kulirudisha. Kaa na koti lako. Nitakueleza yaliyonipata, ila usitarajie nikufundishe udaktari, maana sijui hata mapafu yana rangi gani. Ninachokijua mimi ni kitanda, sindano na kungoja.

Naitwa Wafula, mtu wa Bumula. Niliporudi kutoka ile vita kubwa ya Wazungu nilipata kazi ya kuendesha maksai wa kulima katika shamba la mzungu mmoja nje ya Kitale, nikamwoa Nasimiyu, binti wa Misikhu. Kikohozi kilinianza wakati wa kulima. Nikasema ni vumbi. Mvua ikaja, vumbi likaisha, mimi bado nakohoa. Nikasema basi ni baridi ya Kitale. Kumbe mwili ulikuwa unaniaga kidogo kidogo. Mkanda niliutoboa tundu jipya, halafu jingine, na kila asubuhi Nasimiyu alikuwa anaanika blanketi lililolowa jasho kana kwamba tumenyeshewa ndani ya nyumba.

Siku niliyotema damu mbele ya maksai, Nasimiyu alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Hakulia. Alinifungia nguo mbili kwenye leso, akanipandisha kwenye lori la maziwa, akaniambia, "Enda, na urudi. Huyu mtoto sitamlea peke yangu, unasikia?" Nilisikia. Nilikuwa naogopa mno.

Benchi la kungojea pale hospitali ya Kitale lilikuwa refu, na kila nilipokohoa lilizidi kuwa refu, kwa sababu watu walikuwa wanajisogeza. Mwisho nilikaa peke yangu kama chifu. Walinipima makohozi, wakanipiga picha ya kifua, halafu akaja dresa Simiyu, msaidizi wa daktari, mtu mnene, mcheshi, akaketi kando yangu karibu kabisa, bega kwa bega. Hilo bega sijalisahau. Akaniambia, "Wafula, wewe si maiti. Sasa kuna sindano. Lakini sindano hii inataka mtu mkaidi. Ni kila siku, miezi na miezi, mpaka daktari mwenyewe aseme basi. Ukiacha katikati, ugonjwa utaamka na hasira, na hautasikia sindano tena."

Wodi ya kifua ilikuwa banda refu la mabati nyuma ya hospitali, karibu na mikaratusi. Madirisha yake hayakufungwa hata ukungu wa Julai ukiingia mpaka vitandani, maana walisema hewa ni dawa. Kila mtu alikuwa na kikopo chake cha makohozi chenye kifuniko. Kitanda cha kushoto kwangu kilikuwa cha mzee Naibei, Msabaoti kutoka juu ya Mlima Elgon, mtu wa maneno machache na ng'ombe wengi. Kwa upande wa kulia nilikuwa na dirisha.

Wageni hawakuruhusiwa kuingia. Nasimiyu alikatazwa kabisa kunikaribia kwa sababu ya mimba. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa vitani. Ndugu yangu, huyo wa koti, alikuja mara moja, akasimama ng'ambo ya ua, akanipungia mkono, akaacha ndizi kwenye nguzo, akaenda zake. Nilijua kwamba nitakula uji wa hospitali mpaka nife.

Ndipo akaja mtu ambaye sikumtarajia hata kidogo. Mama yake Nasimiyu alifunga biashara yake ya mboga katika soko la Misikhu, akaja Kitale kukaa kwa dada yake aliyeolewa karibu na stesheni ya reli, na kila adhuhuri akawa ananiletea chakula.

Kama wewe si mtu wa kwetu, huenda huoni ajabu hapo. Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawaketi nyumba moja, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima. Heshima hiyo ikivunjwa, wazee wanakaa, mbuzi anachinjwa, na watu wanalisema jambo hilo miaka na miaka. Mimi tangu nimwoe Nasimiyu nilikuwa sijauona uso wa mama yake, na nilitaka mambo yabaki hivyo.

Lakini mama huyo alikuwa na akili. Alikuwa anakuja ubavu ubavu kando ya ukuta, kanga kichwani, uso ameuelekeza kwenye mikaratusi, mpaka afike chini ya dirisha langu. Anaketi, mgongo ukutani. Halafu mkono unapanda na bakuli, unaliweka dirishani, unashuka. Mimi nangoja ushuke ndipo nichukue. Nikimaliza narudisha bakuli, nageuka upande wa Naibei, na mkono unapanda tena. Wagonjwa wa makabila mengine walicheka mpaka wakashikwa na kikohozi. Wacheke tu. Nilikuwa nakula kuku na ugali wa wimbi, na wao wanakula uji.

Tena hakuwa akisema nami. Alikuwa anasema na Naibei, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mzee, ambia huyo mtu wa kitanda ya dirisha, mchuzi si ya kuangalia."

Naibei ananigeukia, uso mkavu kabisa. "Wafula, unaambiwa unywe mchuzi."

"Mwambie Mama nashukuru."

"Mama, anashukuru."

"Asishukuru, akunywe!"

Sasa, baada ya sindano masikio yangu yalikuwa yanalia ngiii mpaka alasiri, na nikisimama dunia inazunguka. Saa hizo zilikuwa ndefu sana. Siku moja Naibei akaniuliza niliona nini vitani. Mambo ya Burma sikutaka kuyasema, na hata sasa sitaki. Nikamsimulia ngome ya Wareno.

Hii ngome niliisikia kabla hatujapelekwa Burma, tulipokuwa kambini katika kisiwa cha Ceylon, karibu na mji wa Colombo. Dobi wetu aliitwa Siripala, mtu wa pale pale, na aliposhika pasi hakunyamaza. Alituambia kwamba zamani za mababu zake Wareno walikuja kwa meli, wakaomba mahali pa kuweka mizigo, na kabla watu hawajageuka wakawa wamejenga ngome ya mawe kando ya bahari. Upande mmoja bahari iliwalinda, upande mwingine ziwa lenye mamba. Kutoka humo wakawa wanatoka wanachoma vijiji, wanarudi ndani, wanafunga mlango. Basi mfalme mmoja wa nchi ile akasema imetosha. Akaja na watu wasiohesabika, na ndovu wa vita, akaizingira.

Nilikuwa nimefika hapo, nikasikia sauti kutoka chini ya dirisha.

"Mzee, uliza yeye. Hao Wareno huko ndani walikuwa wanapikiwa na nani?"

Sikujua. Siripala hakuwahi kusema habari za jikoni. Nikajibu kupitia kwa Naibei kwamba pengine walikuwa na watumishi.

"Ati pengine! Na hao watumishi walikula nini? Ngome si mawe, ngome ni chakula."

Tangu siku hiyo akawa anakuja mapema na kuondoka jua likishuka, na kila siku lazima nieleze kipande. Nilieleza jinsi mfalme alivyochimba mfereji mpaka ziwa likakauka na mamba wakabaki matopeni. Nilieleza ndovu walivyopelekwa kubomoa ukuta, Wareno wakawatupia mienge ya moto, ndovu wakageuka na kukanyaga watu wao wenyewe. Hapo Naibei alikasirika sana. Kwao mlimani ndovu wanashuka mpaka mashambani, na alisema mtu yeyote mwenye akili anajua ndovu hapelekwi mbele ya moto, huyo mfalme angeuliza wenyeji wa Elgon. Nikasema ndovu wa kule ni wengine. Akanigeuzia mgongo mpaka kesho yake.

Miezi ikaenda hivyo. Mvua kubwa ikapita, mahindi yakawa marefu upande wa pili wa ua. Matako yangu yalikuwa magumu kwa sindano, sikuweza kulalia upande wowote, na vidonge vikubwa tulivyopewa pamoja na sindano vilinifanya nitapike hata chakula cha Mama. Nikitapika alisikia. Kesho yake alileta uji mwepesi wenye ndimu, na ulikaa tumboni. Naomba umpate mtu mmoja wa namna hiyo katika ugonjwa wako. Mmoja anatosha.

Siku moja ya ukungu nilikuwa nimekata tamaa. Nilimwambia Naibei, kwa sauti, kwamba sasa najua walivyojisikia wale wa ndani ya ngome. Nimefungiwa, adui amenizunguka, nangoja tu meli.

Mama akasema, na safari hii hakumwita Naibei.

"Kwa nini unajiweka kwa Mreno?"

Nilishtuka, nikageuza uso haraka upande wa Naibei.

"Mimi nimekaa ndani ya ngome. Ile yetu, ya udongo, kule juu Chetambe, wakati Wazungu walikuja na bunduki ya kupiga bila kupumzika. Nilikuwa mgongoni kwa mama yangu. Hiyo ilikuwa nyumbani yetu, na waliotuzunguka walikuwa wageni. Hii yako ni tofauti. Huyo Mreno alikuja kwa nchi ya wenyewe, akajenga. Sasa kifua ni ya nani? Si ni yako? Wewe ndiyo mwenye nchi. Huyu ugonjwa ndiyo Mreno, amejenga hapo ndani. Wewe uko nje na sindano yako, unakausha ziwa. Usikae ndani na yeye."

Naibei alisema, "Wafula, unaambiwa..." halafu akaacha. Mimi nilikuwa nimejifunika blanketi usoni, nalia. Nililia kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba kifua bado ni changu.

Basi ukaja mwisho wa hadithi, nami kwa ujinga wangu sikuupamba. Nikasimulia jinsi watu wa mfalme walivyochoka, jinsi meli zilivyozidi kuwaletea Wareno chakula na askari kutoka Goa, kituo chao kikubwa huko India, kwa kuwa mfalme hakuwa na meli za kuzizuia. Mwisho akakunja hema zake, akaenda nyumbani. Siripala kila akifika hapo alikuwa anatema mate kando ya pasi.

"Alienda?" Mama aliuliza.

"Alienda, Mama."

"Baada ya kukausha ziwa? Baada ya watu wote hao kukufa? Na Mreno?"

"Akabaki. Alikaa miaka mingi sana."

Alichukua bakuli lake, akaondoka bila kuaga. Kesho yake bakuli lilikuwa na ugali mkavu na mboga bila chumvi. Naibei alicheka mpaka akashika mbavu, akasema sasa vita vimehamia Kitale.

Wakati wa kuvuna ulipokaribia nilikuwa mtu mwingine. Kikohozi kilikuwa kimenyamaza. Mizani ilionyesha nimeongezeka uzito, mashavu yalirudi. Naibei naye alikuwa amenona, na asubuhi moja akavaa kofia yake akasema anakwenda kuona ng'ombe wake. Dresa Simiyu alimsihi mpaka nje. "Mzee, bado! Daktari hajasema basi!" Naibei akajibu kwamba mwenye mwili ni yeye. Aliniachia mto wake. Nilimwonea wivu, na nilimkosa sana, kwa sababu sasa hapakuwa na mtu wa kutupitishia maneno. Mama ikabidi aseme na ukuta.

"Wewe ukuta," alianza siku moja, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha. "Ambia mtu yako, Nasimiyu amejifungua. Msichana. Tumemwita Nekesa, kwa sababu ni wakati ya kuvuna. Ana mapaja!"

Nadhani unajua nilichofanya. Nilipata mtoto, nilikuwa na nguvu, na watu wote walikuwa wanavuna isipokuwa mimi. Nilijiambia naenda kumwona mara moja tu, nitarudi. Wote wanaoondoka husema watarudi. Kesho yake, Mama alipokwisha kuketi na bakuli kufika dirishani, sikuligusa. Nilivaa suruali, nikachukua leso yangu, nikapita katikati ya vitanda, nikatoka mlango wa pili taratibu, nikaelekea getini.

Sikujua kwamba alikuwa amezoea kusikia kitanda changu. Kilikuwa na springi mbovu, kila nilipogeuka kililia. Aliposikia kimelia mara moja na kunyamaza, na bakuli halijachukuliwa, aliinuka.

Nilikuwa nimekaribia geti, nahema, maana kumbe nguvu ya kitandani si nguvu ya barabarani. Nikasikia miguu inakimbia nyuma yangu, ikanipita kwa upande wa ua. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, kanga imeanguka mabegani, akafika getini mbele yangu, akageuka, akatandaza mikono.

Niliutambua ule mkono kabla ya kumtambua mwenyewe. Niligeuka haraka nikampa mgongo, nikainamisha kichwa. Wabukusu waliokuwa kwenye foleni ya wagonjwa pale getini wakasema, "Yeee!" Mwanamke mmoja akafunika macho yake mwenyewe.

"Geuka," alisema Mama.

"Mama, tafadhali. Watu wanaona."

"Waone. Geuka uniangalie!"

Niligeuka. Uso wake ulikuwa uso wa Nasimiyu aliyezeeka, na macho yalikuwa yanatiririka machozi. Hakuyafuta.

"Umekausha ziwa," alisema. "Ndovu wako wamekufa. Sasa unakunja hema? Unampelekea Nekesa nini, Wafula? Unampelekea Mreno?"

Alikuwa hajawahi kutaja jina langu. Nilitaka kumwambia kwamba ni siku moja tu, kwamba nitarudi, lakini nilimtazama yule mama, amevunja heshima ya maisha yake yote mbele ya watu wanaomjua, kwa ajili yangu.

"Sitoki hapa," alisema. "Ukitaka kupita, nisukume."

Mkwe amsukume mama mkwe! Nani angeweza? Nilirudi. Alinifuata kwa nyuma mpaka mlangoni mwa wodi, halafu akajifunika kanga, akazunguka banda, akaketi mahali pake. Nilikuta chakula bado kina joto. Nilikula chote, nikarudisha bakuli, nikageukia kitanda kilichokuwa cha Naibei, na mkono ukapanda kulichukua.

Nilikaa mpaka daktari mwenyewe aliposema basi. Krismasi ilinikuta mle ndani, kiangazi kikanikuta, na maksai wa watu wengine wakaanza kulima tena. Katikati ya kiangazi mwana wa Naibei alipita kuchukua vitu vya baba yake vilivyobaki. Ugonjwa ulikuwa umeamka huko mlimani, wakamrudisha akiwa amechelewa, na sindano hazikumsaidia. Nilimpa ule mto. Nilimpenda yule mzee, na naandika haya kwa ajili yake pia. Tafadhali, ukijisikia nafuu, baki kitandani.

Nilipofika nyumbani Nekesa alikuwa anakaa mwenyewe. Nasimiyu alinitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Umechelewa," akaniwekea mtoto mikononi, akaingia jikoni kulia mahali nisipomwona.

Lakini lile jambo la getini lilikuwa limefika Misikhu zamani. Wazee wakatuita. Mimi niliketishwa nje, nyuma ya nyumba, kwa kuwa Mama alikuwa ndani. Nilikwenda na mbuzi wawili, nikiwa tayari kuongeza wa tatu, na nilikuwa nimekasirika. Niliapa kwamba wakimkemea hata neno moja nitaingia humo humo ndani na tutavunja yote yaliyobaki.

Nilimsikia mzee mmoja akimwuliza kwa upole, "Mama Nasimiyu, watu wanasema kule Kitale ulimtazama mkweo usoni mchana kweupe, ukamtaja jina. Ni kweli?"

"Mkwe wangu sijamwona mpaka leo," alijibu. "Pale getini nilimwona mtoto wangu. Alikuwa mgonjwa, anataka kwenda."

Hakuna aliyeuliza tena.